Njugu ana mimba, na kila mtu ana dawa yake

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Isyesye, jijini Mbeya. Naomba unisaidie kabla sijafanya kosa ambalo sitaweza kulirekebisha.

Ninaye mbwa jike mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye asili ya Chihuahua, ambaye kaka yangu aliniachia alipohamishiwa kikazi Dodoma mwaka jana. Jina lake ni Njugu. Ana umri wa miezi 14, na kabla hajapata mimba nilimpima kwenye mizani ya dukani, nikiwa nimemweka ndani ya kikapu, akawa na kilo 3.2. Mwezi Mei alipopata joto kwa mara ya pili, jirani yangu mwenye dume la aina hiyohiyo alinishawishi tuwapandishe, kwa makubaliano kwamba yeye atachukua mtoto mmoja atakayemchagua na waliobaki watakuwa wangu. Walipandana Mei 12 na Mei 14, na mara zote mbili nilikuwepo. Dume lenyewe ni changamfu sana. Hata anapokimbia huinua mguu mmoja wa nyuma na kurukaruka hatua mbili tatu, kama mtoto anayecheza, kisha huutua na kuendelea.

Sasa tumbo limeanza kuonekana na chuchu zimevimba. Shida yangu ni ushauri ninaopewa. Muuzaji wa duka moja la pembejeo aliniuzia unga wa madini ya kalsiamu wanaopewa ng'ombe, akaniambia nimwekee Njugu kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi ili mifupa ya watoto iwe imara, na nimefanya hivyo kwa siku tisa. Jirani anasema nimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe ili asiwaambukize watoto kupe. Mama mkwe wangu, ambaye amefuga mbwa wa ulinzi tangu akiwa binti kule Igurusi, anasema mbwa ni mbwa tu, azalie bandani nje kama walivyozaa wenzake wote. Nami nasita, kwa sababu baridi ya msimu huu unaijua: asubuhi hata maji ya ndoo yanauma vidole.

Kinachonitia hofu zaidi ni jambo lililompata mdogo wangu anayeishi Kihesa, Iringa. Alikuwa na mbwa mdogo kama huyu, akazaa salama watoto wanne, wakanyonya vizuri na kunenepa. Baada ya wiki mbili na nusu, jioni moja, mbwa yule alianza kuhemahema, akawa anatembea kama mwenye miguu ya mti, akatetemeka mwili mzima, na kabla ya alfajiri akafa. Watu walisema amelishwa sumu, na mpaka leo mdogo wangu hasalimiani na nyumba ya pili. Mbwa yule naye alipewa unga kama huu wangu wakati wa mimba.

Nimeshapokea malipo ya awali kutoka kwa watu wanne wanaotaka watoto. Naomba unieleze nifanye nini mpaka azae, na nijiandae kwa lipi baada ya hapo.

Mwenye Njugu,
Isyesye, Mbeya,
Juni 20

JIBU

Dada yangu Mwenye Njugu,

Nakujibu leo Juni 23, ambayo ni siku ya 42 tangu Njugu apandwe mara ya kwanza, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kuacha ule unga kuanzia kesho asubuhi. Mengine yote yanaweza kusubiri umalize kusoma, hilo halisubiri.

Wewe unaishi katika nchi ya ng'ombe wa maziwa, na bila shaka umewahi kusikia habari ya homa ya maziwa. Mimi nilianza kazi yangu kwa ng'ombe wa Rungwe, na nimeamshwa usiku mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe mzuri aliyezaa jana na leo hawezi kuinuka. Chanzo chake ni kwamba maziwa yanavuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuitoa kwenye mifupa na chakula. Mbwa wadogo hupatwa na ugonjwa huohuo, ila kwao sura yake ni kinyume, na ndiyo maana watu hawautambui. Ng'ombe hulegea, hulala chini na masikio yake huwa ya baridi. Mbwa hukakamaa, huhema, hutetemeka, na joto lake hupanda hata kupita nyuzi 40. Ng'ombe hupatwa siku zilezile za kuzaa, ilhali mbwa mara nyingi hupatwa katika wiki nne za mwanzo za kunyonyesha, hasa ya pili hadi ya nne, wakati watoto wameshakuwa wakubwa na wananyonya kwa nguvu. Kuhema, kutembea kwa miguu ya mti, kutetemeka, wiki mbili na nusu baada ya kuzaa watoto wanne: siwezi kumpima mbwa aliyekwisha kuzikwa, lakini maelezo yako yanafanana na homa ya maziwa kuliko yanavyofanana na sumu. Mwambie mdogo wako awasalimie wale jirani.

Sasa utauliza, kama tatizo ni upungufu wa kalsiamu, kwa nini nakukataza kuitoa? Shingoni mwa mbwa, kama mwa ng'ombe na mwa binadamu, kuna tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu: ikipungua kwenye damu, zenyewe huamuru mifupa itoe akiba. Ukimmiminia mbwa mwenye mimba kalsiamu kupita mahitaji yake, tezi hizo hukosa kazi na kuzubaa, na siku maziwa yanapoanza kuvuta madini kwa kasi, haziwezi kuamka upesi. Hivyo unga unaotolewa kabla ya kuzaa huongeza hatari ileile ambayo muuzaji alidhani anaizuia. Siku tisa ulizokwisha mpa zisikukoseshe usingizi, kwa maana bado zimebaki wiki tatu na mwili una muda wa kurudi katika utaratibu wake. Kopo lililobaki mpe mtu mwenye ng'ombe, naye asikie kwanza kwa daktari wake.

Mbwa mwenye mimba anahitaji chakula bora, na uji wa asubuhi haumtoshi. Kuanzia sasa watoto wanakua kwa kasi, na mahitaji ya Njugu yatapanda polepole mpaka kufikia karibu mara moja na nusu ya chakula chake cha kawaida siku za mwisho, ilhali tumbo lake dogo limebanwa na haliwezi kupokea mlo mkubwa. Mgawie milo midogo minne kwa siku. Kama unamudu chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, hicho ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa madini yake yamepimwa. Kama humudu, mpikie nyama isiyo na mafuta mengi, mayai ya kuchemsha, na usipa wa Ziwa Nyasa waliooshwa vizuri na kuchemshwa bila chumvi, ukichanganya na wali laini au ugali kidogo. Usiweke vitunguu hata kama ni kwa ajili ya harufu, kwa sababu vinaharibu chembe za damu ya mbwa. Baada ya kuzaa, mahitaji yatapanda hata mara mbili au zaidi, na hapo mwache ale kadiri anavyotaka.

Kuhusu dawa ya kupe ya ng'ombe, soma lebo ya ile ya jirani yako. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zina amitrazi, ambayo haifai kwa mbwa mwenye mimba wala anayenyonyesha, na haifai hata kidogo kwa Chihuahua, mimba isiwepo au iwepo. Kwa mbwa wa kilo tatu mwenye manyoya mafupi, kupe unaweza kuwatoa kwa kibano kila jioni, ukimpapasa nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole, na matandiko yake ukayafua kwa maji ya moto. Akihitaji dawa, daktari atachagua iliyo salama. Minyoo ndiyo ya kushughulikia zaidi, kwa sababu minyoo ya mviringo hupita kwenye kondo la nyuma na watoto huzaliwa nayo. Muulize daktari juu ya dawa ya fenbendazoli, ambayo hutolewa kwa kipimo kidogo kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba mpaka siku ya 14 baada ya kuzaa. Njugu ameshafika hapo, kwa hiyo nenda wiki hii.

Huyo daktari mtafute mchana, ukiwa umetulia, si usiku wa manane ukiwa na mbwa mikononi. Awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na umuulize bila haya kama amewahi kumfanyia upasuaji wa kuzaa mbwa mwenye uzito chini ya kilo tano, na kama atapokea simu saa nane usiku. Madaktari wetu wengi wa nyanda hizi ni hodari kwa ng'ombe na kuku, na si aibu kwa mmoja kukuambia kwamba kazi hiyo ampelekee mwenzake. Aibu ni kukubali asichokiweza. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, ambako kutoka kwako ni safari ya siku nzima, kwa hiyo usiiweke kwenye hesabu zako za dharura. Zungumza pia na mwenye bajaji mmoja unayemwamini, na uitenge kabisa pesa ya upasuaji. Nasisitiza hili kwa sababu watoto wa Chihuahua wana vichwa vikubwa kuliko nyonga za mama zao zinavyopenda, na mtoto akiwa mmoja tu tumboni huweza kuwa mkubwa mno, au akashindwa hata kuuanzisha uchungu.

Kwa ajili hiyo nakuomba umfanyie vipimo viwili kama vinapatikana. Ultrasaundi ya sasa itaonyesha mapigo ya moyo ya watoto, lakini ni dhaifu katika kuhesabu. Picha ya eksirei ikipigwa siku ya 55 au baada yake, yaani kuanzia Julai 6, inaonyesha mafuvu na migongo, na daktari anaweza kuyahesabu. Ukijua ni watoto watatu, hutajikuta saa kumi usiku ukijiuliza kama kazi imekwisha au kuna mmoja amebaki.

Mimba ya mbwa huchukua takribani siku 63, na kwa hesabu ya kupandwa kwake Njugu anatarajiwa karibu na Julai 14 hadi 16. Kuanzia Julai 8 mpime joto asubuhi na jioni, kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa kidogo kwenye njia ya haja kubwa, ukiandika kila kipimo kwenye daftari. Joto likishuka chini ya nyuzi 37.2 na kubaki hapo, uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Atakataa chakula, atahema, ataparura matandiko na kuzunguka asijue anachokitafuta, na hali hiyo huweza kudumu saa 6 hadi 12, pengine zaidi. Kaa naye, punguza wageni, na watoto wa jirani waje siku nyingine.

Akianza kusukuma, tazama saa. Akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, mpigie daktari na uanze safari. Fanya hivyo pia akisukuma kwa kukatakata kwa saa mbili bila matokeo, au zikipita saa mbili kati ya mtoto na mtoto ilhali unajua mwingine yupo, au joto likiwa limeshuka kwa saa 24 na uchungu haujaanza. Ute wa kijani kibichi kilichoiva ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo la nyuma limeachia na mtoto ndani hapati hewa, kwa hiyo usisubiri chochote. Ukitoka baada ya mtoto wa kwanza, ni jambo la kawaida. Na ikifika Julai 18 bila dalili yoyote, mpeleke. Mtu yeyote asimchome sindano ya kuongeza uchungu nyumbani, hata kama aliwahi kuwasaidia ng'ombe kumi. Kama mtoto amekwama, sindano hiyo huweza kupasua kizazi.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, na naomba umfikishie heshima zangu. Mbwa wake wa Igurusi walikuwa na kilo 20 na zaidi, wakizaa watoto wa gramu mia tatu mia nne, kule chini kwenye joto la Usangu. Mtoto wa Njugu atazaliwa na gramu mia moja hivi, uzito wa chungwa dogo, hana mafuta mwilini, na katika wiki ya kwanza hajui hata kutetemeka ili ajipashe moto. Isyesye mwezi Julai si Igurusi. Azalie ndani, kwenye kasha la mbao au boksi gumu linalomtosha kujinyoosha, na umzoeze kulala humo wiki mbili kabla. Tandika magazeti, juu yake kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Ndani ya kasha, upande walipo watoto, pawe na nyuzi 29 hadi 32 kwa wiki ya kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge inatosha ukiibadilisha kila inapopoa, nayo iwe kona moja tu ili mwenye kuona joto limezidi ajivute pembeni.

Jiko la mkaa usiliingize chumbani humo, dada yangu. Najua ndilo linalotupasha wengi wetu mwezi huu, na najua pia kwamba kila msimu wa baridi kuna watu wanaolala na jiko wakiwa wamefunga dirisha na wasiamke. Mtoto wa mbwa aliyelala usawa wa sakafu, na mama yake aliye kando yake, hawana namna ya kutoka nje.

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime kila mtoto kila siku saa ileile, umtambulishe kwa uzi wa rangi au alama ya manyoya, na uandike. Anapaswa kuongezeka kila siku, na kufikia siku ya kumi hivi awe mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Asiyeongezeka kwa siku nzima ni mgonjwa hata kama halii. Ukimkuta mtoto amepoa na mdomo wake ni wa baridi, mpashe kwanza polepole kifuani mwako, chini ya nguo, kabla ya kumpa maziwa, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi chakula. Akihitaji kulishwa, mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno kwake, maana ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili. Tafuta mapema maziwa maalumu ya watoto wa mbwa, na kopo moja liwe kabatini kabla ya Julai.

Na katika wiki zile nne za kunyonyesha, ukimwona Njugu hatulii, anahema bila jua, anajikuna uso, anatembea kwa kukakamaa au kutetemeka, watoe watoto palepale na umkimbize kwa daktari. Atapewa kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, huku moyo wake ukisikilizwa. Ukiona mtu anataka kuisukuma kwa haraka kama anavyomfanyia ng'ombe, mzuie, kwa sababu moyo wa mbwa wa kilo tatu husimama. Akitibiwa mapema hupona upesi kiasi kwamba watu hudhani alikuwa anajifanya, lakini watoto wasirudi kunyonya mpaka daktari aseme.

Nisingemaliza vema bila kusema kwamba Njugu alipandishwa mapema. Ningependa angefika angalau miezi 18, na joto lake la tatu, na kabla ya hapo wote wawili wakaguliwe. Yale marukoruko ya dume la jirani yako si uchangamfu. Mbwa mdogo anayeinua mguu wa nyuma kwa hatua mbili tatu kisha kuutua mara nyingi ana goti linaloteguka na kurudi lenyewe, nalo hurithiwa. Waambie wanunuzi ukweli huo, magoti ya watoto yakaguliwe kabla ya kuondoka, na dume hilo lisipandishe tena. Kuhusu Njugu mwenyewe, ushauri wangu ni kwamba baada ya watoto kuacha kunyonya na maziwa kukauka, daktari amtoe kizazi kwa upasuaji. Utamwepusha na mimba nyingine na ugonjwa wa kizazi kujaa usaha.

Watoto wasiondoke kabla ya wiki nane, yaani wakizaliwa Julai 14 wataondoka Septemba 8 au baadaye, wakiwa wamepewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili na wameanza chanjo. Ile ya kichaa cha mbwa watachanjwa kwa wenyewe wapya wakifika miezi mitatu, na liandike hilo kwenye karatasi utakayowapa. Ama wale wanne waliokwisha kulipa, wapigie simu wiki hii. Mbwa wa kilo 3.2 mara nyingi huzaa watoto wawili au watatu, na mmoja wao tayari ni wa jirani. Rudisha pesa za wote wanne, na yeyote anayetaka kubaki kwenye orodha asubiri picha ya Julai 6.